Vigawo vya polinomia: dalili za makosa, vyanzo vyake na namna ya kuhakiki jawabu

Kazi ya kuvunja polinomia, yaani usemi kama x² + 5x + 6, katika vigawo vinavyozidishana ina fadhila moja ambayo maswali mengi ya hisabati hayana: jawabu hubeba ushahidi wake lenyewe. Ukizidisha vigawo ulivyovipata ukarudi pale ulipoanzia, umepatia. Usiporudi, umekosea, na huna haja ya kumsubiri mwalimu akwambie. Pamoja na hayo, katika madaftari niliyoyasahihisha makosa yale yale hujirudia mwaka hadi mwaka, na mengi yangegunduliwa na mwenye daftari kwa uhakiki wa nusu dakika. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, yaani kile unachokiona kwenye karatasi mambo yanapokwenda kombo, na chini ya kila dalili tunaanza na chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi.

Kwanza, maswali mawili yasichanganywe

Kila jawabu la vigawo lina maswali mawili ya kujibu. La kwanza: je, vigawo hivi vikizidishwa vinarudisha polinomia ile ile? La pili: je, vimevunjwa hadi mwisho? Jibu la swali moja halisemi lolote kuhusu la pili. Mwanafunzi anayeandika 12x² − 27 = (6x − 9)(2x + 3) hajakosea kuzidisha, kwa sababu mabano hayo yakifunguliwa yanatoa 12x² − 27 barabara; lakini kazi yake haijaisha, kwani ndani ya mabano ya kwanza bado kuna kigawo 3 kilichojificha.

Kwa swali la kwanza, kipimo kamili ni kufungua mabano yote na kulinganisha kipande kwa kipande. Kipimo cha haraka ni kuweka namba moja mahali pa x pande zote mbili na kuona kama thamani zinalingana. Kipimo hiki cha haraka ni mlinzi mzuri, lakini namba zenyewe zichaguliwe kwa makini. Sifuri hupima namba ya mwisho peke yake, ile isiyo na x. Moja hupima jumla tu ya vizidishi, yaani namba zilizo mbele ya x pamoja na ile ya mwisho. Na namba yoyote inayofanya mojawapo ya mabano kuwa sifuri haifai, kwa kuwa hapo kosa lililo katika mabano mengine humezwa lote. Mtu aliyeandika x² + 2x − 3 = (x − 3)(x − 1) akapima kwa x = 1 atapata sifuri pande zote mbili na kuondoka akiwa ameridhika, ilhali akipima kwa x = 2 atapata 5 upande mmoja na −1 upande wa pili.

Mimi hupendelea x = 10, kwa sababu hesabu yake hufanyika kichwani. Kwa x² + 5x + 6, upande wa kushoto unakuwa 156, na (x + 2)(x + 3) inakuwa 12 × 13, ambayo pia ni 156. Namba moja ikikubali bado si uthibitisho. Lakini polinomia mbili za kipeo cha pili, yaani zile ambazo kipeo kikubwa cha x ni 2, zikikubaliana kwa namba tatu tofauti, hazina budi kuwa polinomia moja. Za kipeo cha tatu huhitaji namba nne, na kwa jumla idadi ya namba inayotosha ni kipeo kikubwa kuongeza moja. Kwa hiyo kipimo cha namba, kikifanywa mara za kutosha, kina nguvu sawa na kufungua mabano.

Dalili: mabano yakifunguliwa, kipande kimoja tu ndicho hakilingani

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote, na karibu kila mara chanzo chake ni alama. Tuitazame x² − 5x − 6 kwa karibu. Mwanafunzi anaona 5 na 6, anakumbuka 2 na 3, na kalamu inaandika kabla ya kufikiri. Akiandika (x − 2)(x − 3), kipande cha kati kinatoka sawasawa, −5x, lakini namba ya mwisho inakuwa +6. Akishtuka na kubadilisha alama moja, akaandika (x + 2)(x − 3), namba ya mwisho inakuwa −6 kama inavyotakiwa, lakini sasa kipande cha kati ni −x. Anaendelea kuzigeuzageuza alama, na hazitamkubalia kamwe, kwa sababu tatizo si alama peke yake: jozi yenyewe siyo. Namba mbili ambazo zao lake ni −6 na jumla yake ni −5 ni −6 na 1, na jawabu ni (x − 6)(x + 1).

Ukaguzi rahisi ufanyike kabla ya kutafuta jozi. Namba ya mwisho ikiwa chanya, namba mbili unazozitafuta zina alama moja, nayo ni alama ya kipande cha kati. Namba ya mwisho ikiwa hasi, alama zinatofautiana, na ile namba kubwa kwa ukubwa wake ndiyo inayobeba alama ya kipande cha kati. Katika hali hii ya pili unachokitafuta hasa ni jozi ambayo tofauti yake ni 5, na 2 na 3 zinajiondoa zenyewe.

Kama huoni kosa liko wapi, pima kwa x = 1, 2 na 3, kisha utazame tofauti kati ya thamani za pande mbili. Tofauti ikiwa ile ile kila mara, kosa liko katika namba ya mwisho. Ikikua kwa mpango wa 4, 8, 12, yaani kwa kuzidishwa na x, kosa liko katika kipande cha kati. Nimewaona watu wakirudia swali zima kutoka mwanzo mara tatu, wakati jedwali hili dogo lingewaelekeza moja kwa moja kwenye kipande chenye hitilafu.

Chanzo kingine, cha nadra kidogo, ni kunakili vibaya. Kabla ya kulaumu mbinu, linganisha ulichoandika na swali lenyewe.

Dalili: kizidishi cha x² si 1, na jozi iliyopatikana haifanyi kazi

Chukua 6x² + 11x − 10. Njia ya kawaida ni kuzidisha 6 kwa −10, kupata −60, kisha kutafuta namba mbili ambazo zao lake ni −60 na jumla yake ni 11. Hizo ni 15 na −4. Hapo ndipo wengi huandika (x + 15)(x − 4) na kusimama. Kosa hili linaeleweka, kwa maana ndivyo walivyozoea pale kizidishi cha x² kilipokuwa 1, lakini kipimo cha x = 10 kinalikataa papo hapo: swali linatoa 700, na mabano yale yanatoa 25 × 6, yaani 150.

Namba 15 na −4 hazikutafutwa ili ziingizwe katika mabano. Zilitafutwa ili kukigawa kipande cha kati: 6x² + 15x − 4x − 10. Kutoka hapo unatoa kigawo cha shirika katika kila jozi ya vipande, unapata 3x(2x + 5) − 2(2x + 5), na hatimaye (2x + 5)(3x − 2). Kwa x = 10 ni 25 × 28, na hiyo ni 700.

Chanzo cha pili ni kusahau kutoa kigawo cha shirika cha polinomia nzima kabla ya kuanza. Hakiharibu jawabu, ila namba hukua na jozi huwa ngumu kuonekana.

Dalili: baada ya kukusanya vipande viwili viwili, mabano mawili hayafanani

Hapa pia alama ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Katika 2x³ − 3x² − 8x + 12, vipande viwili vya mwanzo vinatoa x²(2x − 3). Katika vipande viwili vya mwisho, ukitoa −4 nje, kila kilichobaki ndani hubadili alama: −8x + 12 ni −4(2x − 3), wala si −4(2x + 3). Ukitaka kujiridhisha, rudisha −4 ndani kwa kuizidisha na kila kipande. Mabano yakishafanana, jawabu ni (2x − 3)(x² − 4), ambalo bado linavunjika zaidi na kuwa (2x − 3)(x − 2)(x + 2).

Alama zikiwa sahihi na mabano bado hayafanani, huenda vipande vimekaa katika mpangilio usiofaa. xy − 6 + 2x − 3y haitoi kitu kwa mpangilio huo. Ikipangwa upya kuwa xy + 2x − 3y − 6 inatoa (y + 2)(x − 3) bila taabu. Vipande vinne vinaweza kugawanywa katika jozi kwa njia tatu tu, kwa hiyo zijaribu zote. Zikishindwa zote tatu, achana na mbinu hii. Usilazimishe mabano yafanane kwa kubadilisha alama pasipo sababu, kwa kuwa hapo umeshaacha swali ulilopewa na kuanza kujibu swali lingine.

Dalili: thamani hazilingani, lakini upande mmoja daima ni mara mbili, au mara hasi moja, ya upande mwingine

Hii ni dalili ninayoipenda, kwa sababu inasema wazi ugonjwa ni nini: kuna kizidishi kimepotea. Kwa 2x² + 10x + 12 mwanafunzi ameandika (x + 2)(x + 3). Akipima kwa x = 0 anapata 12 na 6; kwa x = 1 anapata 24 na 12; kwa x = 2 anapata 40 na 20. Kilichopotea ni 2, na jawabu ni 2(x + 2)(x + 3).

Chanzo chake kikubwa ni kuchanganya polinomia na mlinganyo. Katika mlinganyo 2x² + 10x + 12 = 0 una ruhusa ya kugawanya pande zote kwa 2, kwa sababu sifuri ukiigawanya kwa 2 inabaki sifuri. Polinomia iliyosimama peke yake haina upande wa pili wa kulipia mgawanyo huo, hivyo 2 ikitolewa lazima ibaki imeandikwa mbele ya mabano. Uwiano ukiwa hasi moja, chunguza mahali ulipogeuza mpangilio ndani ya mabano: 6 + x − x² ni (3 − x)(2 + x), na ukiandika (x − 3)(x + 2) umeigeuza alama ya polinomia nzima.

Dalili: mabano yanarudi sawa, lakini jawabu limesahihishwa kuwa halijakamilika

Angalia kwanza kigawo cha shirika ndani ya kila mabano, kama tulivyoona kwa 12x² − 27, ambayo jawabu lake kamili ni 3(2x − 3)(2x + 3). Kisha tafuta tofauti ya miraba miwili iliyobaki. x⁴ − 16 huachwa mara nyingi ikiwa (x² − 4)(x² + 4), wakati mabano ya kwanza yanaendelea kuwa (x − 2)(x + 2).

Dalili: jumla ya miraba au tofauti ya vipeo vya tatu imetoa jawabu linaloshindwa kipimo

Kosa maarufu ni x² + 9 = (x + 3)². Kwa x = 0 pande zote mbili ni 9, na ndiyo maana nilionya kuhusu sifuri; kwa x = 1 ni 10 na 16. Kipande 6x kinachozaliwa mabano yanapofunguliwa ndicho kilichosahaulika. Kwa namba halisi, x² + 9 haivunjiki kabisa.

Hata hivyo, usiifanye hiyo kuwa sheria ya kila jumla ya miraba. x⁴ + 4 inavunjika. Ongeza 4x² na uiondoe papo hapo, upate (x² + 2)² − (2x)², ambayo ni (x² + 2x + 2)(x² − 2x + 2). Kwa x = 10: 122 × 82 = 10004. Aliyewahi kukwama hapa asijione duni, maana mwaka 1702 mwanahisabati mashuhuri Leibniz mwenyewe aliamini kwamba x⁴ + a⁴ haiwezi kuvunjwa katika vigawo viwili vya kipeo cha pili vyenye namba halisi, na haikuwa kweli.

Kwa vipeo vya tatu, kosa huwa katika kipande cha kati cha mabano marefu. x³ − 8 ni (x − 2)(x² + 2x + 4), si (x − 2)(x² + 4x + 4). Kipande cha kati hakizidishwi kwa 2 kama katika mraba wa mabano.

Dalili: hakuna jozi inayopatikana hata baada ya kujaribu zote

Rudi kwenye swali kwanza uone kama umelinakili sawasawa. Tofauti ya tarakimu moja inatosha kuharibu kila kitu: 2x² + 7x + 3 inavunjika kuwa (2x + 1)(x + 3), lakini 2x² + 7x + 4 haina vigawo vya namba kamili hata ukikesha.

Swali likiwa limenakiliwa sawa, acha kubahatisha na ukokotoe b² − 4ac, ambapo a, b na c ni vizidishi vitatu vya ax² + bx + c. Ikitoka namba ambayo kipeuo chake cha pili ni namba kamili, vigawo vipo na ni lazima utavipata. Kwa 6x² + 11x − 10 inatoka 361, ambayo ni 19 × 19. Ikitoka namba chanya isiyo mraba kamili, kama 20 kwa x² + 6x + 4, vigawo vya namba kamili au vya sehemu havipo, na kilichobaki ni vigawo vyenye alama ya kipeuo. Ikitoka hasi, hata vigawo vyenye kipeuo havipo katika namba halisi. Hapa ndipo pa kusimama. "Haivunjiki katika namba kamili" ni jawabu kamili lenye uthibitisho, mradi hesabu ya b² − 4ac imeonyeshwa.

Dalili: polinomia ya kipeo cha tatu au zaidi, na mgawanyo hautoki sawa

Mara nyingi chanzo ni nafasi iliyoachwa. Katika x³ − 7x + 6 hakuna x², na anayegawanya kwa (x − 1) kwa kutumia vizidishi peke yake lazima aandike 1, 0, −7, 6. Akiandika 1, −7, 6 atapata safu ya 1, −6, 0. Tazama hatari iliyopo: baki, yaani namba ya mwisho ya safu, ni sifuri, kana kwamba kila kitu ni salama, na jawabu linasomeka (x − 1)(x − 6). Kinachomwumbua ni vipeo. Vipeo vya vigawo vikijumlishwa lazima vitoe kipeo cha polinomia ya mwanzo, na hapa vimetoa 2 badala ya 3. Kwa safu iliyo sahihi anapata 1, 1, −6, 0, yaani (x − 1)(x² + x − 6), ambayo ni (x − 1)(x − 2)(x + 3).

Chanzo kinachofuata ni kubahatisha namba za kujaribu. Kwa 2x³ + x² − 13x + 6, namba kamili au sehemu yoyote r inayoifanya polinomia kuwa sifuri, na hivyo kuifanya (x − r) kuwa kigawo, ina kiasi kinachogawa 6 na asili inayogawa 2, hivyo za kujaribu ni 1, 2, 3, 6, ½ na ³⁄₂ pamoja na hasi zake, jumla 12. Namba 2 inatoa 16 + 4 − 26 + 6 = 0, na polinomia inavunjika kuwa (x − 2)(2x − 1)(x + 3).

Polinomia ya kipeo cha tatu ikikataa namba zote za orodha yake, haivunjiki kwa namba kamili wala sehemu. Onyo: hitimisho hili haliendi hadi kipeo cha nne. x⁴ + x² + 1 hukataa namba zote, nayo bado ni (x² + x + 1)(x² − x + 1).

Dalili: jawabu lako limepishana na la kitabu au la kompyuta

Zidisha kabla ya kufuta. (2 − x)(5 − x) na (x − 2)(x − 5) ni kitu kimoja, kwa kuwa alama mbili zilizogeuzwa hufutana. Vivyo hivyo 2(x − ½)(x + 3) na (2x − 1)(x + 3). Programu nazo kwa kawaida huvunja kwa namba kamili au sehemu pekee isipoamriwa vinginevyo, kwa hiyo x² − 2 itarudishwa kama ilivyo. Grafu mbili zinazoonekana kulaliana kwenye skrini zisikutoshe, kwa sababu tofauti ndogo hupotea picha inapovutwa mbali.

Kipeo kikifika 5 au 6, vizidishi vikiwa vikubwa na orodha ya namba za kujaribu ikipita mamia, kuendelea kwa mkono hakuna faida. Watu husema kwamba mwanahisabati Abel alionyesha mwaka 1824 kuwa kipeo cha tano hakiwezekani. Alichoonyesha ni kwamba hakuna kanuni moja ya vipeuo inayotatua milinganyo yote ya kipeo hicho. Kuvunja kwa namba kamili ni jambo jingine, na tangu 1982, kwa njia ya Arjen Lenstra, Hendrik Lenstra na László Lovász, tunajua kuwa kompyuta inaweza kulifanya bila muda kulipuka kadiri kipeo kinavyokua. Mpe mashine kazi hiyo, kisha uhakiki jawabu lake kwa x = 10.

Ukimpelekea mwalimu swali lililokushinda, usipeleke swali tupu. Peleka polinomia kama ilivyoandikwa, vigawo ulivyovipata, na thamani za pande zote mbili kwa namba tatu tofauti. Kwa thamani hizo ataona kama umepoteza kizidishi, umekosea kipande cha kati, au umekosea namba ya mwisho, kabla hata hajasoma hatua zako.